Utambi utokao moshi hatauzima

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, neno letu wiki hii liko Isaya 42:3, "Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima". Nimelisoma nikawaza vijana wetu wanaovuta sigara, na siongelei wale wasiojali, naongelea yule wa kidato cha tatu ambaye ameshaacha akarudi, akaacha tena, na sasa anajipunguzia kimya kimya mpaka amebaki na moja kwa siku na nyumbani hakuna anayejua, wanaona tu siku hizi anatafuna bigijii sana.

Sisi tukinusa shati lake tu tayari, mara umetuaibisha, mara tuitane tukemee pepo. Jamani, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na ubongo wa mtoto wa miaka 15 bado unajengeka, unanaswa upesi kuliko wa mtu mzima. Ndo maana siku 2 au 3 za mwanzo akiacha ni balaa, arosto inambana, hasira juu, usingizi hamna, daftari liko mbele yake na hasomi kitu, mama anasema huyu kaanza kiburi kumbe mtoto yuko vitani na hana hata mtu mmoja upande wake. Paulo mwenyewe aliandika "lile jema nilipendalo, silitendi" (Warumi 7:19) na hatujamtoa kwenye Biblia.

Hamu ikimjia huwa haikai sana, dakika chache inapungua. Kwa hiyo kaa naye hizo dakika, mpe maji, mtoke mkatembee, ombeni pamoja kwa sauti ya kawaida tu, mahubiri yasubiri. Na akiteleza usimtangaze mbele ya wadogo zake, muulize ilikuwa wapi na alikuwa na nani, maana mara nyingi ni kijiwe kilekile na marafiki walewale.

Halafu kuna hili naliogopa ila nalisema. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 hapa Tanzania inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, lakini watoto wananunua moja moja na kiberiti wanawashiwa hapohapo dirishani, na baadhi ya hayo maduka ni ya kwetu sisi tunaoimba kwaya. Wenye maduka naomba jumapili tubaki kidogo baada ya ibada.