Kangaga na papa wa kina

Jumapili tulipanda Amani, kule Usambara, na shemeji yangu. Yeye ni mvuvi hapa Tanga, mambo ya misitu hayamhusu kabisa! Nikamgeuzia jani la kangaga: vitone vya kahawia vimejipanga, ukivigusa kidole kinabaki na vumbi. Vumbi hilo ndilo uzazi wake. Kangaga halina ua wala tunda, linauachia upepo kazi ya kulisambaza vumbi hilo.

"Basi kwa uzazi papa kalishinda," akasema.

Kweli. Yuko papa wa kina kirefu mwenye mipasuo sita ya matamvua (wenzake wengi wana mitano), ambaye huangulia mayai tumboni, akazaa watoto hai, pengine hata 100 kwa mkupuo. Mchana yuko chini gizani, usiku hupanda kuwinda. Na ukoo wa makangaga na ukoo wa papa, yote miwili ilikuwepo kabla ya dinosaria.

Shemeji akauliza kama kangaga linapikika kwa nazi.