Spamu inayotoka kwenye tovuti yako ndo ya kuogopa zaidi

Watu wakinitafuta kuhusu tovuti zao mara nyingi wanauliza kitu kimoja, nifanyeje spamu zisiniingilie. Sawa, na hapa chini nitaeleza, ila siku hizi kabla sijajibu huwa nauliza na mimi: una uhakika tovuti yako haiwatumii watu wengine spamu usiku ukiwa umelala? Wengi wananyamaza, maana hawajawahi kuwaza kwamba kile kifomu cha "wasiliana nasi" kinaweza kutumiwa na mtu asiyejulikana kuwasumbua watu ambao hata hawajui tovuti hiyo ipo.

Iko hivi. Fomu nyingi zina kale kamtindo ka kumtumia mgeni nakala, "asante tumepokea, ulichotuandikia ni hiki". Inapendeza kweli, inaonyesha mnajali. Sasa inakuja roboti, kwenye sehemu ya barua pepe inaweka anwani ya mtu mwingine kabisa, kwenye sehemu ya ujumbe inaweka tangazo la kamari na linki yake, inabonyeza tuma. Seva yako inampelekea yule mtu hiyo "nakala" bila kuuliza. Imetoka kwenye domeini yako, yaani lile jina la tovuti, imesainiwa vizuri, filta zinaipitisha kwa sababu zinakuamini wewe, na yule mtu akiona upuuzi huo anabonyeza "hii ni spamu", basi anayepata doa ni wewe. Wakifanya hivyo wa kutosha, hata ankara unazowatumia wateja zinaanza kuangukia kwenye folda ya spamu na unabaki unashangaa kuna nini.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa, zima hiyo nakala. Kama lazima mgeni apate asante basi iwe asante tupu, isirudishe chochote alichoandika, hata jina lake usiliweke, manake roboti zikikuta ujumbe haurudi zinaandika linki kwenye sehemu ya jina alafu barua inaanza "Habari" ikifuatiwa na linki ya matapeli. Kuna tovuti nyingi nzuri tu za watu makini ambazo leo hii zinafanya hivi na wenyewe hawana habari.

Fomu ya kujiandikisha jarida ndo inaumiza watu zaidi na hapa naomba usome taratibu. Kuna uhalifu ambapo mtu anachukua anwani ya mlengwa wake anaiingiza kwenye fomu za majarida mamia kwa maelfu kwa mpigo, inboksi inafurika, na mara nyingi shabaha ni kufukia barua moja muhimu, labda taarifa ya benki kwamba kuna hela imetoka au kwamba neno siri limebadilishwa. Mwathirika anafuta fujo yote pamoja na ile barua. Agosti 2016 lilipiga wimbi kubwa la namna hii, anwani nyingi za serikali zikafurikiwa, na Spamhaus, shirika linalotunza orodha za watumaji spamu, wakaanza kuorodhesha anwani za IP (namba za seva) za makampuni ya kutuma majarida kwa sababu majarida halali ndo yalikuwa silaha. Dawa yake ni kuthibitisha kwanza: mtu akijiandikisha anapata barua moja tu ya kubonyeza "ndio ni mimi", asipobonyeza hapati kingine na anwani yake inafutwa. Bado hiyo moja inatoka, kwahiyo fomu yenyewe nayo lazima izuie roboti, huwezi kuegemea uthibitisho peke yake.

Haya sasa kuzuia roboti. Watu wanakimbilia mafumbo ya picha moja kwa moja, bonyeza mataa ya barabarani, bonyeza pikipiki. Mimi hayo naweka mwisho kabisa. Yanamnyanyasa mtu asiyeona vizuri, na spama mwenye nia analipa watu wamtatulie kwa hela ndogo sana. Alafu kuna suala la faragha: reCAPTCHA, huduma maarufu ya mafumbo hayo, ilianza 2007, Google wakainunua 2009, na toleo lake la tatu halimuulizi mgeni kitu chochote, linampa alama kutokana na anavyotembea kwenye tovuti, na Google wenyewe wanashauri uiweke kwenye kurasa nyingi ili ifanye kazi vizuri. Yaani mtu kaja kuuliza mnafungua saa ngapi anaanza kupimwa na kampuni ambayo hakuja kuonana nayo. Sioni haki hapo kama kuna njia nyingine, na zipo.

Ya kwanza ni mtego wa sehemu fiche. Unaongeza sehemu moja kwenye fomu ambayo mtu haioni ila roboti inaiona kwenye msimbo, na roboti nyingi hujaza kila zinachokuta, basi ikija fomu ambayo sehemu hiyo imejazwa unaitupa. Ni rahisi ila watu wanaiharibu kwa mambo mawili. Moja wanaipa jina kama "simu" au "anwani", brauza ya mtu wa kweli inaijaza yenyewe kwa kumbukumbu zake na ujumbe wa mteja unapotea kimya kimya, kwahiyo ipe jina ambalo brauza haina cha kuliwekea na uzime ujazaji wa otomatiki. Pili wanasahau watumiaji wa programu za kusoma skrini, ambao wataisomewa hiyo sehemu kama kawaida na wataijaza kwa uaminifu, hivyo kwenye msimbo wake weka aria-hidden na tabindex ya -1 ili programu hizo ziiruke, na uandike kabisa pembeni yake "acha wazi". Na zile zilizonaswa usizitupe mara moja, ziweke folda ya pembeni siku kadhaa uzipitie.

Ya pili ni muda. Fomu ya sehemu nne hakuna binadamu anaijaza kwa sekunde moja, ikija haraka hivyo ikatae, ila mwonyeshe ujumbe wa heshima ajaribu tena maana kuna watu wanabandika maandishi waliyoandaa. Hizi mbili pamoja kwenye tovuti ndogo zinapunguza takataka kwa kiasi kikubwa sana. Zikizidiwa ndo uende kwenye zile zana zinazoipa brauza ya mgeni hesabu ya kupiga nyuma ya pazia, ALTCHA kwa mfano unaiendesha kwenye seva yako mwenyewe na hakuna data inayoenda kwa mtu mwingine.

Domeini yenyewe sasa. Utaratibu wa kutuma barua pepe, SMTP, uliandikwa 1982 na haukuwa na namna ya kuhakiki mtumaji, ni kama bahasha, nyuma unaandika jina lolote unalotaka na posta inapeleka. Ndo maana mtu anaweza kutuma utapeli kwa jina la domeini yako bila kugusa seva yako hata kidogo. Vilivyokuja kuziba ni rekodi tatu za DNS, ile orodha ya mipangilio ya domeini inayosomwa na seva nyingine: SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma, DKIM inasaini barua, DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini SPF na DKIM zikigoma. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanazidai zote tatu kwa wanaotuma kwa wingi, kwa Gmail ni barua 5,000 na zaidi kwa siku, ila hata kama unatuma kumi ziweke tu.

Kosa ninalolikuta sana ni rekodi mbili za SPF. Ulianza na hostingi ikakupa moja, ukaja kujiunga na huduma ya majarida ikakwambia ongeza hii, ukaongeza chini yake. Haifai, domeini inatakiwa kuwa na SPF moja tu, zikiwa mbili mpokeaji anaihesabu ni makosa na ni kama huna kabisa, hivyo unaziunganisha ziwe mstari mmoja. Na ndani yake usizidishe rejea kumi za DNS, yaani mara ambazo mpokeaji anatumwa kutafuta rekodi nyingine, ikizidi inavunjika vilevile. DMARC anza na p=none (usizuie kitu) huku ukipokea ripoti, soma wiki kadhaa ujue nani anatuma kwa jina lako, kisha quarantine (ipeleke kwenye spamu), kisha reject (ikatae kabisa). Watu wanaanza na none wanaiacha hapo miaka, hiyo haizuii kitu. Na ile domeini uliyonunua ukaiweka tu, haitumi barua yoyote, usiiache uchi: iandikie v=spf1 -all, yaani hakuna seva inayoruhusiwa kutuma, na DMARC ya reject, matapeli wanazipenda sana hizo zilizosahauliwa.

Kuhusu data za watu. Plagini nyingi za fomu, yaani programu ndogo za kuongezea kwenye tovuti, zinahifadhi kila ujumbe kwenye databesi milele, majina, simu, shida za watu, na siku plagini ikipata tundu vyote vinaondoka. Weka ujifute wenyewe baada ya siku 30 au 60, na usiombe namba ya simu kama hutapiga. Hili nalisisitiza kuliko yote humu, maana watu hao walikuamini na hawatajua kamwe kwamba ulikuwa umewawekea shimo.

Kwa upande wako kama mtumiaji, acha kutoa anwani moja kila mahali. Ukiwa na domeini yako tengeneza anwani tofauti kwa kila huduma, ukiwa huna kuna SimpleLogin, addy.io, Firefox Relay, huduma zinazokupa anwani za kuficha ile yako halisi, zote zina kiwango cha bure. Spamu ikija kwenye anwani uliyoipa huduma fulani peke yake unajua uvujaji umetokea wapi, unaizima hiyo moja na maisha yanaendelea. Ile ya kuongeza alama ya + kwenye Gmail ni dhaifu, spama anaikata tu anapata anwani yako halisi. Pia zima picha zisijifungue zenyewe kwenye barua, nyingi zina kipicha kisichoonekana kinachomwambia mtumaji umefungua saa ngapi na uko upande gani wa dunia.

Ukimaliza kuweka zile rekodi usiamini tu kwamba zimekaa. Tuma barua kutoka kwenye domeini yako kwenda anwani ya Gmail, ifungue, nenda kwenye chanzo cha ujumbe, pale juu utaona SPF, DKIM na DMARC kila moja imeandikwa PASS au FAIL. Kisha jaza fomu yako mwenyewe ukitumia anwani ya pili, usome neno kwa neno kinachorudi.