Kijana akiuliza "tunajuaje?"

Wapendwa mnaoongoza vikundi vya Biblia hapa Nairobi, kuanzia Umoja hadi Kawangware, naomba tusimnyamazishe kijana kwa "amini tu". Waebrania 11:1, katika tafsiri ya Union, inaiita imani "bayana ya mambo yasiyoonekana". Bayana ni ushahidi.

Anzeni na 1 Wakorintho 15:3-8. Paulo aliandika mnamo mwaka 55, miaka 25 hivi baada ya msalaba. Anawataja waliomwona Yesu baada ya kufufuka: Kefa (yaani Petro), Yakobo, na ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa bado hai. Yaani anataja mashahidi waliokuwa bado wanaweza kuulizwa! Someni taratibu, jina kwa jina, msikimbilie mahubiri. Kisha Luka 1:1-4, mwandishi anaposema alichunguza mambo yote tangu mwanzo. Naye Tomaso, mwanafunzi aliyekuwa na shaka, alionyeshwa majeraha ya Yesu, lakini kukiri "Bwana wangu na Mungu wangu" kulibaki kuwa uamuzi wake.

Kosa kubwa ni kuubebesha ushahidi mzigo usio wake. Jiwe lililopatikana Kaisaria mwaka 1961 lina jina la Pontio Pilato na cheo chake. Linathibitisha kwamba alitawala Uyahudi, halithibitishi ufufuo. Ukilitumia kuthibitisha ufufuo, mwanafunzi wa chuo atagundua mara moja, na hata hoja zako nzuri hatazisikiliza tena. Na zile picha za safina ya Nuhu zinazosambazwa WhatsApp, tafadhali msizipeleke darasani.