Ukingo wa Tundu la Sinki

Nilipolipindua kabati la zamani la jikoni ndipo nilipoona kilicholiua. Mabomba yake yalikuwa mazima. Maji yalipenya kwenye ukingo wa tundu la sinki, ambapo ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa ulikatwa na kuachwa bila kinga yoyote, ukanywa kidogo kidogo hadi ukavimba na kumomonyoka. Kabati jipya nililijenga nikiuwaza ukingo huo.

Sanduku lenyewe halikunisumbua. Nililiunga kwa plaiwudi ya milimita 18, gundi na skrubu, nikapima mishazari yake miwili hadi ikalingana. Sakafu ndiyo iliyonichelewesha, kwa kuwa ilikuwa imeshuka karibu sentimita moja upande mmoja, nikalazimika kutia kabari nyembamba na kurudia pima maji mara nyingi kabla ya kulifunga kabati ukutani.

Ubao wa kaunta ulikuwa wa mbao ngumu, na sikuwa na mwingine. Nililifudikiza sinki juu yake, nikachora mzunguko wake kwa penseli, kisha nikachora mstari wa pili sentimita moja ndani zaidi, ili mdomo wa sinki upate pa kukalia, na ule wa nje nikaufuta nisije nikaufuata kwa makosa. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu, na koki itakaa wapi?"

Nilipima upya. Nyuma ya sinki palikuwa pamebaki nafasi finyu mno, na mpini wa koki ungegonga ukuta kila unapofunguliwa. Nilimshukuru kwa dhati, nikalisogeza sinki mbele sentimita mbili, nikahakikisha halitagusana na fremu ya kabati, nikachora upya.

Baada ya kutoboa kona nne nilikata kwa msumeno mwembamba wa umeme, polepole, huku nimekiegemeza kipande cha kati kutoka chini, kwani kikianguka kwa uzito wake mwishoni huondoka na sehemu ya ukingo. Kisha nikaupiga msasa ukingo huo na kuupaka vanishi mapito matatu, kila pito likisubiri lililotangulia likauke. Mama alitamani sana kuanza kutumia jiko lake, lakini hapo sikukubali kuharakishwa. Sinki lilikalia mstari mmoja wa silikoni usiokatika.

Tulipolijaza maji na kuyaachia yote kwa mpigo, tone lilining'inia kwenye nati ya bomba lililopinda, lile linalobakiza maji ili harufu isipande. Mpira wake nilikuwa nimeuweka kichwa chini. Niliugeuza, nikakaza nati kwa mkono, nikatandika gazeti kavu ndani ya kabati usiku kucha.

Asubuhi gazeti lilikuwa kavu. Nilichukua tochi, nikapitisha kidole chini ya kaunta kuuzunguka ukingo wote, nao pia ulikuwa mkavu.