Kuku wa Najjembe

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii inaanzia barabarani, mnisamehe kama nitawatamanisha.

Ijumaa huwa nafunga mpaka saa kumi na mbili jioni, na Ijumaa ndio siku narudi Kampala kutoka Busia. Sasa ukishapita Jinja ukaingia msitu wa Mabira unajua kinachokungoja: Najjembe, soko la vyakula kando ya barabara. Teksi haijasimama vizuri vijana wameshajaa madirishani, nyabo (yaani mama) kuku, nyabo gonja, zile ndizi za kuchoma, maini, soda baridi, kijiti cha nyama kinaingia ndani mpaka karibu na pua. Mwezi uliopita pale nilifumba macho nikaimba pambio kimoyomoyo, tukapita, nikajiona mtakatifu kweli. Basi tukafika Namawojjolo, na huko nako ni kuku na gonja, mimi bado najipongeza kwa ushindi wa Najjembe nikashtukia mfupa uko mkononi. Saa kumi hata haijafika. Banange!

Usiku nikafungua Hesabu 11. Wana wa Israeli wamechoka na mana, wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu, na wanasema wale samaki walikula bure. Bure! Watu walikuwa watumwa, watoto wao wa kiume wanatupwa mtoni, leo wanasema bure. Hamu ya chakula ndivyo ilivyo, inafuta bei yote inakuachia harufu tu.

Ila kilichonishika ni mstari wa 10, watu wanalia kila mtu mlangoni pa hema lake. Halafu unakuta Musa naye analalamika, tena kuwazidi, anamuuliza Mungu kwani hawa watu wote ni mimi nimewazaa, kama ndio hivi bora uniue. Hakuchagua maneno. Lakini yeye alikuwa anaongea na Mungu, wale walikuwa wanalia mlangoni. Musa akapewa wazee 70 wa kubeba naye mzigo, wale wakapewa kware, nyama ya mwezi mzima mpaka iwatoke puani, na ikiwa bado katikati ya meno yao pigo likashuka. Pale pakaitwa Kibroth-hataava, makaburi ya tamaa.

Nikajiuliza, kwani pale Najjembe niliomba? Sikuomba. Niliimba ili nisisikie harufu, nilipigana mwenyewe, na ushindi wa mwenyewe unaishia kilomita chache tu mbele.

Ijumaa iliyofuata kijana kasimama dirishani na kuku wake, nikamwambia Yesu waziwazi, Bwana nina njaa, namtaka huyu kuku, na nimechoka kujifanya. Hamu haikuondoka nisiwadanganye, mate yalijaa mdomoni mpaka Lugazi. Lakini toka hapo tukaanza kuongea mengine, ada ya watoto, dada yangu ambaye hatusalimiani toka Krismasi, vitu ambavyo nikishiba huwa siviombei kabisa. Namawojjolo hata sikuona tumeipita saa ngapi. Mukono konda akaniuliza kama naumwa, maana nilikuwa nalia.

Sisemi kuku ni dhambi, jioni ile nilikula tena vizuri sana. Na wewe mwenye sukari au unayemeza dawa usifunge kwa sababu yangu, muulize daktari kwanza.

Ijumaa hii narudi tena, kama saa tisa hivi tutakuwa Mabira, mnikumbuke. Dada nimempigia jana hakupokea, nitajaribu tena leo.