Gadi-maladi aliyeambiwa ainue mkono

Mama alikuwa na vivimbe tangu nimjue. Vingi vilikuwa vidogo, laini, vimetapakaa mgongoni, tumboni na mikononi. Ukikibonyeza kimoja kilizama ndani ya ngozi kama kitufe, kisha kikarudi. Soko la Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, alikouza sambaza, alivaa mikono mirefu hata jua likiwaka, maana kuna wateja waliodhani wataambukizwa kupitia samaki wake. Ugonjwa ule hauambukizi. Lakini nenda ukamweleze mtu ambaye ameshamwaga sambaza zako tena kwenye beseni.

Nyumbani sababu ilijulikana zamani. Vivimbe viliongezeka alipokuwa na mimba yangu, na wakati huohuo shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amegombana naye juu ya kiwanja cha Bagira. Wazee wakakaa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, wakakubaliana kwamba wifi yake amemtilia karuho, sumu ya siri. Bukavu mtu akikonda, akivimba au akikohoa muda mrefu, neno karuho haliko mbali na midomo ya watu. Tangu hapo hatukula tena kwa shangazi. Akija msibani tulimpa kiti, sisi tukakaa upande mwingine.

Mwaka 2009, kivimbe cha paja, kile kikubwa kilicholala ndani, kikaanza kumuuma usiku. Kilikuwa kinakua, tena kinakuwa kigumu. Zamani kituo kimoja cha afya kilijaribu kukikata, damu ikatoka nyingi hadi wakamfunga bandeji na kuiacha kazi njiani. Safari hii tulipanda pikipiki mpaka hospitali. Mimi, miaka 19, nilikuwa gadi-maladi tu, msindikizaji wa mgonjwa: kubeba termosi, ndoo na vitenge.

Dokta alikuwa kijana, macho mekundu ya mtu aliyekesha kazini. Aliuliza maumivu yalianza lini, uvimbe unakua kwa kasi gani. Akampima mwenyewe tansio, yaani shinikizo la damu, akapitisha vidole kwenye uti wa mgongo kutazama kama umepinda. Halafu akanigeukia.

“Wewe ni nani wake?”

“Ni binti yake.”

“Inua mkono.”

Nilidhani anataka nimsaidie kumgeuza mama. Alitaka kwapa langu. Niliona haya, mtaani kwetu maji yalikuwa yamekatika tangu juzi. Akamulika kwa simu, akamwita mwenzake aje aone: vidoa vidogo vya kahawia, mahali jua halifiki. Kisha akaomba kuona tumbo na mgongo. Kule nilikuwa na madoa bapa, rangi ya kahawa yenye maziwa, ambayo bibi aliyaita alama za baraka. Akachukua rula. Kwa mtu mzima linahesabiwa doa linalozidi milimita 15, na yakifika sita yanatosha. Alipopita sita aliweka rula mezani.

Nikapelekwa kwa dokta wa macho, nikaweka kidevu kwenye mashine. Aliona vinundu vidogo kwenye sehemu yenye rangi ya jicho, vile ambavyo Lisch, dokta wa Austria, alivieleza mwaka 1937. Haviharibu kuona. Vinasema tu una nini.

Nilikuwa na neurofibromatosi ya aina ya 1, na mama vilevile. Dokta alianza kueleza kwa Kifaransa, mama akamkatiza: “Kwa Kiswahili, mwanangu, mwili ni wangu.” Akaanza upya. Mjerumani von Recklinghausen aliueleza ugonjwa huu mwaka 1882. Unampata mtoto mmoja katika kila 3,000 hivi, duniani kote, kwa watu wa kila rangi. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 17; kazi yake ni kutengeneza protini inayozuia seli zisikue ovyo, na ikiharibika vivimbe huota kwenye mishipa ya fahamu. Ilitambuliwa mwaka 1990, mwaka niliozaliwa.

“Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa?”

“Ndiyo, mama.” Hakuzunguka, nami nilimheshimu kwa hilo. Kila mimba ilikuwa na nusu kwa nusu. Mdogo wangu hakuupata.

“Na mimi, nani alinipa?”

Akauliza habari za babu na bibi. Hawakuwa na doa wala kivimbe. Basi, akasema, ilianzia kwako. Karibu nusu ya wagonjwa wako hivyo, hitilafu inatokea yenyewe kabla mtu hajazaliwa, hakuna aliyefanya lolote.

Mama akakaa kidogo. “Hata wifi yangu?”

Dokta hakujua wifi ni nani. “Hata wifi yako.”

“Ee Nyamuzinda, Mungu wangu.”

Alipasuliwa, kipande kikatumwa kupimwa, maana vivimbe vya aina ile huweza kugeuka kansa, hasa vikianza kuuma na kukua. Haikuwa kansa. Mguu ulibaki na ganzi, na mimi tangu hapo napima tansio kila mwaka, kwa sababu ugonjwa huu huivuruga. Mwaka 2020 Marekani ilikubali dawa ya selumetinib kwa watoto wenye vivimbe visivyoweza kukatwa. Mwaka ule wa 2009 dokta hakuwa na kidonge cha kutupa.

Alipoweza kutembea, mama alikwenda Bagira nami nikimshika mkono. Alisema yote akiwa amesimama mlangoni. Shangazi alisikiliza hadi mwisho.

“Dokta amekuambia leo. Mimi nilikuambia tangu enzi za Mobutu.”

Kisha akataka yasemwe mbele ya walewale waliokaa. Yakasemwa, Jumapili, baada ya misa. Baba mdogo peke yake alishikilia kwamba hospitali inajua mwili, haijui watu. Kwa desturi yetu mwenye kasiksi huonja kwanza, mgeni ahakikishe ni salama. Siku ile shangazi hakuonja. Alijaza kikombe, akampa baba mdogo, akakunja mikono na kumsubiri.

Alikunywa. Ukoo mzima ulikuwa unamtazama.