Kasuku wangu mdogo na paka
Jana usiku nilishtushwa na kishindo sebuleni. Nikakuta paka wangu kasimama kwa miguu ya nyuma, makucha yameshapenya kwenye nyaya za tundu, na kasuku wangu mdogo kajibanza pembeni, kifua kinapanda na kushuka upesi upesi. Manyoya mawili ya kijani yako chini.

Damu sikuiona. Nilipopuliza manyoya yake taratibu, nikaona mkwaruzo mwembamba kama uzi chini ya bawa. Asubuhi na mapema tukawa kwa daktari wa mifugo. Mate ya paka yana bakteria wanaoweza kumuua ndege ndani ya siku chache, hata kidonda kiwe kidogo namna gani, kwa hiyo kapewa antibiotiki. Jamani, msisubiri mpaka muone damu!

Paka simlaumu. Kuwinda ni asili yake, hata akiwa ameshiba. Kosa ni langu, niliyeweka tundu kwenye meza fupi na kuacha mlango wazi. Sasa liko chumba kingine, limening'inizwa mbali na kabati lolote analoweza kurukia, na mlango una komeo.

Mchana huu kadonoa punje tatu. Bado hajalia.